Kurudisha mpira nyuma: jinsi refa wa kikapu anavyoamua kwenye mstari wa kati

Ukiona benchi zima limeinuka linadai filimbi, mara nyingi mpira uko karibu na mstari wa kati. Mchezaji kaupoteza kidogo, umevuka kurudi kwao, mwenzake kauwahi, na hapo kila mtu uwanjani ameshakuwa refa. Wanaopiga kelele wanaangalia kitu kimoja tu: mpira ulikuwa mbele, sasa uko nyuma. Kanuni haisemi hivyo. Mpira kuvuka kurudi nyuma peke yake si kosa. Kosa linategemea timu ilikuwa inaumiliki wapi, nani kaugusa wa mwisho kabla haujarudi, na nani kaugusa wa kwanza baada ya kurudi.

Maelezo haya yanamfaa refa anayechezesha mechi za shule, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya na mkoa, na ligi za mtaani za Kigoma na Tabora. Mechi hizo kwa kawaida zina marefa wawili, hazina saa ya sekunde 24 (saa ya kushambulia, inayohesabu muda wa timu kurusha golini), na video ya marudio ni ile ya simu ya shabiki. Kanuni tunazofuata ni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Kocha akikuonyesha kipande cha mechi ya Marekani kama ushahidi, mwache akiweke mfukoni: kule sekondari wanahesabu sekunde 10 za kuvuka kati (zetu ni 8), na NBA dakika 2 za mwisho inaruhusu mpira unaoingizwa kutoka pembeni upasiwe nyuma. Kanuni zao zinafanana na zetu kwa sura tu.

Nyuma ni wapi

Tuchukue mfano mmoja na tuende nao hadi mwisho. Ujiji wanacheza na Mwanga kwenye uwanja wa Kigoma ambao goli moja liko upande wa ziwa na jingine upande wa reli. Ujiji wanashambulia goli la ziwani. Kwao, mbele ni nusu ya ziwani na nyuma ni nusu ya relini. Kwa Mwanga ni kinyume chake. Baada ya mapumziko timu zinabadilishana magoli na kila kitu kinageuka, na ndiyo maana dakika ya kwanza ya robo ya tatu ina makosa mengi ya marefa. Kabla hujampa mchezaji mpira wa kuanzisha robo hiyo, jiambie kwa sauti ya chini: Ujiji sasa nyuma ni ziwani.

Mstari wa kati wenyewe ni sehemu ya nyuma, na ni nyuma kwa kila timu. Mchezaji wa Ujiji akiukanyaga yuko nyuma. Wa Mwanga akiukanyaga yuko nyuma vilevile. Una upana wa sentimita 5, na sentimita hizo 5 ndizo zinazoleta ugomvi wote. Mbele inaanza pale rangi ya mstari inapoishia, upande wa goli unaloshambulia.

Kagua mstari kabla ya mechi

Uwanja kamili una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, ukipima kwenye kingo za ndani za mistari. Katikati ya mstari wa kati iko mita 14 kutoka kila mwisho, na mstari huo unatokeza sentimita 15 nje ya kila mstari wa pembeni. Usiudharau huo mkia wa sentimita 15. Ukiwa pembeni, ndio unaokuonyesha mstari ulipo hata wachezaji kumi wakiwa wamekuziba.

Viwanja vyetu vingi vya shule ni simenti moja inayobeba kikapu, netiboli na wavu, kila mchezo na rangi yake, nyingine imefifia hadi huijui ni ya mchezo gani. Netiboli imegawanywa mara tatu kwa hiyo haina mstari wa katikati, lakini mistari yake miwili ya kukata uwanja inapita karibu na eneo unalolichunga, na mwanafunzi mgeni anaweza kuidhania ni yako. Fika dakika 30 kabla. Upite mstari wa kati kwa chaki nene au chokaa iliyokorogwa, kwa kamba ya manila iliyovutwa kutoka mkia hadi mkia ili usipinde. Uwanja wa udongo, chokaa kavu inapukutika ndani ya robo moja tu. Mwambie mwenyeji aandae ya kupitishia tena wakati wa mapumziko. Kisha waite manahodha, wawekee mguu juu ya mstari wenyewe, waambie: huu ndio, na ukiukanyaga uko nyuma. Nusu dakika hiyo inaokoa mabishano mengi.

Maswali matatu, kwa mpangilio

Mpira unaporudi, jiulize haya na uyajibu kwa mfululizo. Je, timu ilikuwa inamiliki mpira katika nusu yake ya mbele? Je, mchezaji wa timu hiyohiyo ndiye aliyeugusa wa mwisho ukiwa mbele? Je, mchezaji wa timu hiyohiyo ndiye wa kwanza kuugusa, aidha yeye akiwa amegusa nyuma, au mpira ukiwa umeshagusa nyuma? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, piga. Likipungua moja, filimbi ibaki mdomoni.

Swali la tatu ndilo linaloangusha marefa wengi kuliko mengine, kwa sababu ya haraka. Mchezaji wa Ujiji aliyesimama ziwani anapasi vibaya, mpira unavuka mstari unabingirika kuelekea relini. Bado hakuna kosa. Mchezaji wa Mwanga akiuwahi, mchezo unaendelea na huenda akafunga peke yake. Ukipiga filimbi mpira unabingirika, umewanyang'anya Mwanga shambulizi la bure, na kwa kuwa hapakuwa na kosa utalazimika kuwarudishia Ujiji mpira wao. Hakuna kocha atakayekuelewa hapo, na hana sababu ya kukuelewa. Subiri mkono wa Ujiji uuguse. Mkono ukigusa, hapohapo filimbi.

Miguu miwili na mpira

Umiliki wa mbele unaanzia miguuni. Mchezaji anahesabiwa yuko mbele na mpira pale miguu yake yote miwili inapokuwa imegusa nusu ya mbele huku ameushika, anaudaka au anaudunda huko. Mguu mmoja mbele na mwingine juu ya mstari, bado yuko nyuma, na anaruhusiwa kuupasi nyuma au kurudi mwenyewe bila tatizo.

Anayedunda akivuka ana vitu vitatu vya kuangaliwa: mguu wa kushoto, mguu wa kulia, na mpira. Vyote vitatu viwe vimegusa mbele ndipo amevuka. Mfano unaojirudia kila mechi: beki wa Ujiji anapanda polepole, amevusha miguu yote miwili, lakini anadunda mpira kando ya mwili, na mpira unagonga juu ya mstari. Hajavuka bado. Akisita na kurudi nyuma hatua mbili ni halali. Sasa mpira wake ugonge chini upande wa ziwani, miguu ikiwa huko huko. Amevuka. Kuanzia hapo kisigino kikigusa rangi tu, au mpira anaoudunda ukigonga rangi, ni kosa.

Anayepokea pasi kutoka nyuma huku ameutanda mstari, mguu huku mguu kule, anaweza kusimama hivyo na kuzungusha mguu mmoja. Akiuinua mguu wa nyuma na kuukanyagisha mbele, mlango umefungwa. Mguu ukiwa bado hewani haujafungwa: akiurudisha ulikotoka hakuna kosa. Kwa hiyo usimwangalie usoni wala mpira anaouficha kifuani, angalia soli.

Pasi ya kudunda kati ya wawili walio mbele inawachanganya wengi. Wachezaji wawili wa Ujiji, wote miguu yote miwili iko ziwani, mmoja anampa mwenzake pasi ya kudunda sambamba na mstari, na mpira unadunda juu ya mstari kabla ya kudakwa. Hakuna aliyekanyaga nyuma, lakini mpira umegusa nyuma. Ni kosa. Watu watakuzomea, wewe onyesha pale ulipodundia.

Nani kagusa wa mwisho

Hapa ndipo refa anapopimwa. Ujiji wanapasiana ziwani, mchezaji wa Mwanga ananyoosha mkono anaukata mpira, unarudi relini, Ujiji wanauchukua. Halali, kwa kuwa wa mwisho kugusa mbele ni Mwanga. Ujiji wanapata sekunde 8 mpya za kuvuka, ila saa ya 24, kama ipo, inaendelea kuhesabu palepale maana umiliki haukukatika.

Ongeza mguso mmoja. Mwanga anaukata mpira, unagonga paja la mchezaji wa Ujiji aliyesimama ziwani, ndipo unarudi relini na beki wa Ujiji anauokota. Wa mwisho kugusa mbele sasa ni Ujiji, na Ujiji ndiye wa kwanza kugusa nyuma. Kosa. Hakukusudia, paja halikujua, haijalishi. Kanuni inauliza nani kagusa, haiulizi nia.

Tukio gumu zaidi ni kunyang'anyana. Mlinzi anaupiga mpira ukiwa bado kiganjani kwa mshambuliaji, unachomoka. Kama umetoka moja kwa moja kwa pigo la mlinzi, wa mwisho ni mlinzi. Kama umeruka juu, ukamgonga mshambuliaji mkononi au begani, kisha ukaondoka, wa mwisho ni mshambuliaji. Yote hayo yanatokea ndani ya kufumba na kufumbua, na ukiwa nyuma ya mgongo wa mchezaji huoni kitu. Ushauri ni mmoja: kama hukuona mguso wa mwisho, usiubuni. Acha mchezo uende. Filimbi ya kukisia inakugharimu mechi nzima, maana kuanzia hapo kila mpira unaovuka utadaiwa filimbi.

Mpira ukikugonga wewe refa, wewe ni sakafu ya pale uliposimama. Umeutanda mstari? Basi wewe ni nyuma. Pasi ya Ujiji kutoka relini ikikugonga ukiwa hivyo na ikarudi kwao, hakuna kilichotokea na sekunde 8 zinaendelea. Lakini Ujiji wa ziwani akipasi, ikakugonga ukiwa umekanyaga mstari, kisha Ujiji mwingine akaudaka, umekuwa sehemu ya kosa lao. Ndiyo sababu nzuri ya kutokusimama pale.

Aliye hewani

Mchezaji aliyeruka anahesabiwa bado yuko pale aliporukia, hadi atakapotua. Ujiji mmoja yuko ziwani anapasi juu. Mwenzake anaruka kutoka relini, anadaka hewani, anatua ziwani. Kwa macho ya shabiki katua mbele, safi. Kwa kanuni, alipoudaka alikuwa bado wa nyuma. Kosa. Ili uliamue vizuri ni lazima uwe umeona mguu wa kurukia, na mguu huo unauona tu kama ulianza kumwangalia mpokeaji mpira ukiwa bado njiani.

Kuna msamaha mmoja, na wachezaji wazuri wanautumia. Ujiji wako relini wanataka kuvuka, Mwanga wanawabana huko huko. Mlinzi wa Mwanga aliyesimama relini, yaani mbele kwake, anaruka, anaidaka pasi ya Ujiji hewani, kasi inamtupa anatua ziwani, ambako ni nyuma kwake. Halali kabisa, kwa sababu umiliki mpya wa Mwanga ulianzia hewani. Hata akitua ameutanda mstari ni sawa, na anaweza kuendelea kurudi nyuma. Asichoruhusiwa ni kuupasi akiwa bado hewani kwa mwenzake aliye ziwani. Kutua nao ni haki yake. Kuutuma nyuma kabla hajatua ni kosa.

Msamaha huo unafanya kazi pia kwenye mpira wa kurusha juu wa kuanzia mechi, kwa kuwa pale hakuna timu inayomiliki hadi mtu audake. Asiye mrukaji akiruka kutoka mbele, akaudaka hewani na kutua nyuma, mwache acheze.

Kwenye kuingiza mpira kutoka nje msamaha haupo. Mwingizaji akishapewa mpira, timu yake tayari inaumiliki. Ujiji wanaingiza kutoka pembeni upande wa ziwani, mpokeaji anaruka kutoka ziwani, anaudaka hewani, anatua relini au juu ya mstari. Piga. Sura ni ileile ya yule mlinzi wa Mwanga, uamuzi ni kinyume, na tofauti ni umiliki tu: kule ulikuwa mpya, hapa ulikuwepo kabla hajaruka.

Baada ya kurusha golini

Mpira ukitoka mkononi mwa anayerusha goli, umiliki wa timu umekwisha. Kwa hiyo mpira uliokosa goli (ribaundi) ukigonga pete ukaruka hadi relini na beki wa Ujiji akauwahi, hakuna kosa. Sekunde 8 zinaanza upya, na saa ya kushambulia inawekwa 14 kwa kuwa mpira uligusa pete na timu ileile imeupata. Hata mrefu wa Ujiji akiupiga kofi hewani kuutoa msongamanoni, ukavuka kati, bado ni halali. Kofi si umiliki. Akiudaka kwa mikono miwili ziwani, akatua, kisha akautupa relini kwa mwenzake, huo umiliki umekamilika na kosa lipo. Tofauti ya kofi na kudaka ndiyo unayoitazama katika ribaundi.

Hesabu ya sekunde 8

Kosa hili la kuvuka ni ndugu wa lile la kurudi, na refa yuleyule ndiye anayelichunga. Hesabu inaanza mchezaji anapoupata mpira katika nusu yake ya nyuma. Mpira unapoingizwa kutoka nje, inaanza mchezaji yeyote anapougusa kihalali ndani ya nusu hiyo, si mwingizaji anapoupokea kutoka kwako. Inakoma pale mpira unapofika mbele kwa njia zinazokubalika: vitu vitatu vya mdundaji vimevuka, au mpira umegusa sakafu ya mbele bila kushikwa na mtu, au umeguswa na mshambuliaji mwenye miguu yote miwili mbele, au umeguswa na mlinzi aliyekanyaga nusu hiyo.

Saa ya 24 ikiwepo na ikiwa imeanza kamili, kosa linafika saa inapoonyesha 15. Isipokuwepo, hesabu kwa mkono unaoonekana, mpigo mmoja kila sekunde. Kishindo cha mashabiki kinafanya mkono ukimbie, na sekunde 8 za refa aliyepandwa na jazba zinaweza kuwa 6. Jipime nyumbani kwa saa ya simu: funga macho, hesabu nane, fungua. Rudia hadi ukosee kwa chini ya nusu sekunde.

Mpira ukitolewa nje na Mwanga baada ya sekunde 5, Ujiji wanaingiza wakiwa na sekunde 3 tu zilizobaki. Waambie wazi kabla hujawapa mpira, kwa vidole. Mwanga wakicheza faulo au wakiupiga mpira teke kwa makusudi, na Ujiji wakaingiza kutoka nyuma, hesabu ni mpya. Hili la sekunde zilizobaki ndilo linalosahaulika zaidi pale ambapo hakuna saa, kwa sababu hakuna aliyeandika. Mpe mtunza saa wa mezani kazi ya kukumbuka, lakini usimtegemee.

Usimame wapi

Mkiwa wawili, refa wa nyuma ndiye mwenye mstari. Anapanda na mpira, nyuma yake kidogo na kushoto, na mpira unapokaribia kati anataka kuwa amesimama karibu usawa wa mstari, si mita 6 nyuma yake. Ukiwa mbali nyuma unaona migongo na kukisia visigino. Ukiwa sambamba nao unaona pengo kati ya soli na rangi. Mpira ukivukia upande wa kulia mbali na wewe, usibaki umejibanza pembeni kushoto. Sogea ndani ya uwanja hatua kadhaa hadi uone, kisha urudi.

Presha ya uwanja mzima ikipigwa, refa wa mbele asikimbilie chini ya goli akangoje. Huko hakuna mtu. Akae karibu na kati, pembeni mwake, asaidie mstari na pasi ndefu, na aondoke presha ikivunjika. Hili likubaliwe kabla ya mechi kwa maneno mafupi: "Wakibana, mimi nachunga anayedunda, wewe mpokeaji." Msipokubaliana mtapiga wote wawili, mmoja akionyesha Ujiji mwingine Mwanga, na hapo hata mwenye haki ataonekana mbabaishaji.

Jua nalo ni la kupangia. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi na hutumia saa ileile ya Dar es Salaam, hivyo jua linazama kwa kuchelewa, karibu saa 1 jioni. Mechi ya saa 11 jioni ina jua kali la upande wa ziwa hadi mwisho. Ukipanda kuelekea ziwani linakupiga usoni na mstari wa chokaa unapotea kwenye mng'ao. Shika kofia? Hapana, refa havai kofia. Omba mechi ianze saa 10, au sogea ili utazame mstari kwa ubavu. Tabora tofauti ni ndogo tu.

Filimbi, ishara, na mahali pa kuingizia

Filimbi moja, fupi, kali. Mkono mmoja juu, kiganja wazi, kusimamisha saa. Kisha ishara ya kurudisha nyuma: mkono mbele ya mwili, kidole cha shahada kimenyooshwa, unaupeleka huku na huku. Kisha onyesha upande timu pinzani inakoshambulia, sambamba na mstari wa pembeni. Kama ni sekunde 8, onyesha vidole vinane badala ya ile ya kupunga. Fanya kwa utulivu, usizirundike ishara tatu ndani ya nusu sekunde. Meza haitasoma na benchi litadhani hujiamini.

Adhabu ni mpira kwa wapinzani, wauingize kutoka nje katika nusu yao ya mbele, mahali palipo karibu na kosa, isipokuwa nyuma ya ubao moja kwa moja. Ujiji wakikosea, kosa limetokea relini, na relini ni mbele kwa Mwanga; basi Mwanga wanaingiza huko, na saa ya kushambulia inasoma 14. Refa aliyezoea kuwapa mpira kwenye mkia wa mstari wa kati kila mara anawanyima Mwanga mita zao: kama mpira uliguswa karibu na mstari wa faulo, waingize usawa wa hapo.

Kocha akiuliza, jibu kwa sentensi moja ya kanuni, kwa adabu. "Mwalimu, wa mwisho kugusa mbele ni namba saba wako." Inatosha. Ukianza kueleza mara ya pili umeshaingia kwenye mjadala, na mchezo umeshaanza nyuma ya mgongo wako.

Mazoezi ya watu wanne

Chora mstari wa mita 3 popote, hata kwenye ua. Wawili wapasiane kuvuka mstari, wa tatu awe mlinzi wa kukata pasi, wewe usimame sambamba na mstari na filimbi. Raundi ya kwanza usiangalie mpira kabisa, taja miguu tu: "nyuma, nyuma, mbele." Raundi ya pili taja mguso: jina la aliyegusa wa mwisho kila mpira unapokatwa. Raundi ya tatu ndipo upige filimbi, na kila ukipiga sema maswali yote matatu na majibu yake kabla hawajaendelea. Wabadilishe mlinzi kila baada ya dakika 5, kwa kuwa akichoka anaacha kukata pasi, na bila pasi zilizokatwa zoezi halina kazi. Halafu wageuze pande bila kukuambia, uone kama utachelewa kujua nyuma imehamia wapi.